Hotuba za Marekani za karne ya 20 kwa kipindi cha redio: ipi ni sauti ya siku yenyewe, na kasi ipi ni sahihi?

mtayarishaji_Mbale

Habari zenu wakuu. Tunaandaa vipindi sita vya redio kwa Kiswahili, dakika 30 kila kimoja, kuhusu hotuba za wanasiasa wa Marekani zilizogusa mambo yao ya ndani: benki, ubaguzi wa rangi, afya, mafuta. Kituo ni cha FM, wasikilizaji ni wa Mbale, Tororo na Busia. Sauti zimejaa mtandaoni, ila mambo manne yanatukwamisha.

La kwanza, tumepata hotuba ya "Msalaba wa Dhahabu" ya William Jennings Bryan, faili limeandikwa 1896. Ni yeye kweli, na ni mwaka huo kweli? La pili, tuna mafaili mawili ya Rais Franklin Roosevelt akieleza habari za benki, Machi 1933. Kipande kilekile kinachukua sekunde 62 kwenye moja na sekunde 60 kwenye lingine, na hilo la pili sauti yake ni nyembamba kidogo. Tushike lipi? La tatu, tukiondoa kelele, mzee anasikika kama anayezungumzia ndani ya mtungi. La nne ni haki za kurusha hewani.

mtunza_santuri

Bryan ni yeye, mwaka ndio si huo. Hotuba aliitoa Chicago tarehe 9 Julai 1896 kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, na hakuna aliyeinasa. Mnachosikia ni Bryan mzee, miaka ya 1920, akirudia vipande vyake ndani ya chumba cha kampuni ya santuri ya Gennett, Richmond, Indiana. Ndiyo maana hamsikii makofi wala mwangwi wa ukumbi. Hewani semeni hivi: "Bryan akiikariri hotuba yake zaidi ya miaka ishirini baadaye." Mkisema ni sauti ya 1896 mtakuwa mmewadanganya watu.

Sababu yake ni ya kiufundi. Kabla ya 1925 hivi, unasaji haukutumia umeme. Mzungumzaji aliingiza mdomo karibu na pembe kubwa, na nguvu ya sauti yake peke yake ndiyo iliyosukuma sindano ichonge nta. Mtu akihutubia jukwaani hatua tano kutoka kwenye pembe hiyo, hakuna kitakachochongeka. Kwa hiyo karibu kila hotuba ya kisiasa ya kabla ya hapo mnayoisikia ilisomwa upya chumbani, tena ikafupishwa itoshe chombo. Silinda za kwanza zilibeba dakika mbili tu, baadaye nne. Theodore Roosevelt alizisomea silinda za Edison mwaka 1912, alipokuwa anagombea kwa chama cha Progressive, na kila moja ni kama dakika nne. Hotuba zake za jukwaani zilikwenda saa nzima na zaidi. Warren Harding naye: ile ya kurudi katika "hali ya kawaida" aliitoa Boston Mei 1920, kisha akaisomea pembe baadaye. Sauti iliyobaki ni ya pembe, si ya Boston.

Na msidhani mtego huu uliisha maikrofoni ilipoingia. Malcolm X alitoa "Kura au Risasi" Cleveland tarehe 3 Aprili 1964, kisha Detroit tarehe 12 Aprili. Mafaili ya hotuba hizo mbili huchanganywa kila siku, na mara nyingi utakuta sauti ya Detroit imewekewa maandishi ya Cleveland. Ile ya Cleveland mwanzoni anamtaja ndugu Lomax, aliyezungumza naye jukwaa moja usiku huo. Martin Luther King vilevile: maneno ya ndoto aliyasema Detroit tarehe 23 Juni 1963, miezi miwili kabla ya Washington tarehe 28 Agosti. Kama umati unaosikika ni wa ndani ya ukumbi, basi si Washington. Kule walikuwa uwanjani, nje.

Ya Rais Jimmy Carter ya tarehe 15 Julai 1979 kuhusu nishati na kukata tamaa kwa taifa ina kioja chake. Inajulikana kila mahali kwa jina la "malaise" (unyong'onyevu), na neno hilo halimo ndani yake hata mara moja. Mtangazaji wenu asije akasema "kama alivyosema mwenyewe".

fundi_mawimbi_Jinja

Mimi nichukue la kasi na la mtungi.

Kasi: msibahatishe kwa sikio. Rekodi nyingi za umeme za Marekani zimebeba mvumo, yaani mlio mdogo wa chini unaotokana na umeme wa gridi yao, ambayo ni hetzi 60. Mvumo huo ndio rula yenu. Kama faili linakwenda mbio, mvumo nao umepanda kwa kiwango kilekile. Kwa hesabu yenu ya 62 kwa 60, ikiwa faili refu ni sahihi, hilo fupi litaonyesha mvumo kwenye hetzi 62.

Namna ya kupima: fungua faili kwenye programu ya kuhariri sauti ya Audacity, chagua sehemu za ukimya baina ya sentensi, fungua kichunguzi cha masafa. Dirisha la hesabu liwekeni 65536, si lile dogo. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, dirisha la 4096 hutenganisha hetzi kama 11 kwa 11, na hapo 60 na 62 huwezi kuzitofautisha. La 65536 hushuka hadi hetzi 0.67. Kisha msitazame 60 peke yake, tafuteni na mara tatu yake. Faili sahihi litaonyesha 180, la mbio litaonyesha 186, na pengo la hetzi sita halijifichi. Mkishapata, tumieni amri inayobadilisha kasi pamoja na kimo cha sauti. Ile inayobadilisha kasi na kuacha kimo palepale itawaachia Roosevelt mwembamba anayezungumza polepole, yaani kosa juu ya kosa.

Mvumo una hila zake pia. Mkiona mistari miwili, mmoja 60 kamili na mwingine 62, ule wa 60 huenda uliingia miaka ya baadaye wakati santuri ikinakiliwa, kwa hiyo fuateni wa pili. Mkiona 50, mara nyingi ni umeme wetu wa hapa, umeingia mkinakili kaseti kwenye kompyuta iliyochomekwa ukutani. Chomoeni chaja, mtumie betri, mnakili tena. Ila hata 50 si lazima iwe ya Uganda: kusini mwa California kulitumia hetzi 50 hadi miaka ya 1940. Na rekodi za pembe hazina mvumo wa asili kabisa, maana umeme haukuwepo kwenye unasaji. Hapo mnabaki na mizunguko, silinda 160 kwa dakika, santuri karibu 78 lakini kampuni zilipishana. Halafu Theodore Roosevelt alikuwa na sauti nyembamba tangu awali. Msimpunguze kasi mkidhani mnamsahihisha.

Sasa mtungi. Huo unatokana na kuondoa kelele nyingi kwa mkupuo mmoja, au kuondoa kelele kwenye MP3 iliyobanwa sana. Tafuteni faili zito kwanza: WAV ya biti 16, sampuli 44,100, mono, ni kama MB 5.3 kwa dakika, hivyo dakika 13 hazifiki MB 70. Kifurushi cha data kitauma kidogo, vumilieni.

Kisha fuateni mpangilio huu, kwa sababu kila hatua huharibu kipimo cha nyingine. Pimeni na kurekebisha kasi kabla ya kugusa chochote, maana mkishaukata mvumo mmeivunja rula. Ondoeni mipasuko ya santuri. Halafu kateni mvumo, 60, 120, 180, kwa kichujio chembamba. Hapo ndipo mchukue sampuli ya kelele: nusu sekunde au zaidi ya ukimya usio na pumzi wala mtu kukohoa. Punguzeni desibeli 6, sikilizeni, mkiona bado rudieni 6 nyingine. Desibeli 24 kwa mara moja ndizo zinazomzamisha mzee. Mwisho kateni chini ya hetzi 80 na juu ya 5,000. Juu ya hapo hampotezi kitu, kwa sababu laini za simu zilizobeba matangazo ya kitaifa miaka ya 1930 ziliishia karibu hapo.

Kuna jambo vipindi vingi husahau. Kituo chenu kina mashine inayobana sauti kabla ya mtambo wa kurushia. Mzungumzaji akinyamaza, mashine hiyo hupandisha kila kilichobaki, na chakacho mliyoiona ndogo studioni inavuma kama mvua ya mabati. Jaribuni kwenye redio ya kawaida, nje ya studio, kabla ya kufunga kazi.

mtunza_santuri

Fundi, kwenye silinda za 1912 punguza ukali. Ukiondoa mipasuko kwa nguvu unaondoa na "t", "k" na "p" za mzungumzaji, na zile pembe zenyewe hazikunasa zaidi ya hetzi 3,000 hivi. Kidogo kilichopo kiachwe. Msikilizaji akisikia chakacho anajua ni kitu cha zamani, hahitaji kuombwa radhi.

fundi_mawimbi_Jinja

Kwa silinda nakubali. Kwa Roosevelt wa 1933 sikubali. Yule alizungumza mbele ya maikrofoni nzuri, na chakacho ni ya santuri ya kunakilia, si yake.

mfasiri_mpakani

Naongeza la tafsiri, hamkuuliza lakini litawakuta. Roosevelt alianza kwa kusema anataka kuzungumza kwa dakika chache na watu wa Marekani kuhusu benki. Mkifika pale anapozungumzia benki kufungwa, neno lao linafanana na "sikukuu ya benki". Msilitafsiri hivyo, msikilizaji wa Tororo atafikiri watu walikuwa wanasherehekea. Benki zilifungwa kwa amri ya rais tarehe 6 Machi 1933, sheria ya dharura ikapita tarehe 9, yeye akazungumza Jumapili usiku tarehe 12. Zikaanza kufunguliwa tarehe 13 kwenye miji 12 yenye benki za Hifadhi ya Shirikisho (mfumo wa benki kuu yao), miji mingine siku zilizofuata. Hoja yake kuu, kwamba benki haiweki fedha zako sandukuni bali inazikopesha, inaeleweka upesi ukitaja SACCO: wanachama wote wakija asubuhi moja kudai akiba zao, hata SACCO safi itaanguka.

Neno gumu kuliko yote ni lile la "haki za majimbo". Kwa msikilizaji wa Uganda masikio yanakwenda moja kwa moja kwenye federo ya Buganda, yaani madai ya Buganda kujitawala ndani ya Uganda, na hapo mmempoteza. Kwa wanasiasa wa Kusini ya Marekani miaka ya 1950 na 1960, maneno hayo yalikuwa ngao ya ubaguzi wa rangi dhidi ya mahakama na serikali kuu. Kabla ya kurusha sauti ya George Wallace, gavana aliyeahidi Alabama tarehe 14 Januari 1963 kuulinda ubaguzi leo, kesho na milele, mtangazaji aeleze hilo kwa sentensi mbili.

Na majina waliyojiita Weusi wa Marekani wakati ule msiyageuze kuwa "Wamarekani wenye asili ya Afrika". Malcolm X alikuwa na ugomvi na neno lenyewe lililotumika, "Negro", ukilisafisha unafuta hoja yake.

Kuhusu sauti mbili kwa pamoja: acheni ya asili peke yake sekunde 5 au 6, ishusheni kama desibeli 15 chini ya msomaji wa Kiswahili, na mwishoni iachieni tena sekunde 3. Msomaji wa Kiswahili huchukua muda mrefu kuliko mzungumzaji, kwa hiyo kipande cha sekunde 40 kipangieni karibu dakika moja, au mfupishe tafsiri. Msimharakishe msomaji.

mtayarishaji_Mbale

Tumepima. La sekunde 60 lina mstari 186, lile refu 180. Tunashika refu. Bado la haki.

mtunza_santuri

Hotuba ya rais akiwa kazini ni kazi ya serikali kuu, na sheria ya Marekani haiipi hakimiliki: Roosevelt 1933, Kennedy kuhusu haki za kiraia tarehe 11 Juni 1963, Lyndon Johnson mbele ya Bunge tarehe 15 Machi 1965, Carter 1979. Chukueni nakala kwenye maktaba za marais au hifadhi ya taifa yao, si ya kituo cha televisheni chenye picha na sauti zake. Rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 ziliachiwa huru kule tangu tarehe 1 Januari 2022, hivyo silinda za 1912 hazina shida.

Mgombea si rais. Reagan wa tarehe 27 Oktoba 1964 alikuwa raia akimpigia debe Goldwater, mgombea urais wa chama cha Republican, Nixon wa 1952 alikuwa kwenye kampeni, Wallace alikuwa gavana wa jimbo. Hao hawafunikwi na kanuni ile. King ndiye wa kuangalia zaidi: mwaka 1999 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kuhutubia umati ule mbele ya kamera hakukuiachia hotuba iwe ya umma, na warithi wake wanaidai. Sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006 inaruhusu matumizi ya haki, yakiwemo ya kufundishia, mradi kiasi kilingane na lengo na mwenye kazi atajwe. Kwa King chukueni sekunde 20, mtajeni, mengine mtangazaji asimulie. Au wekeni ya Johnson ya 1965: anaikopa kaulimbiu ya waandamanaji, "tutashinda", na haina mwenye kuidai.