Re: Barua ya ofisi kuhusu mimea ya bangi – vipandikizi navyo vinahesabiwa?

Kutoka: Baba Neema (Hannover)
Ndugu zangu, za wiki? Nimeletewa barua na ofisi moja hapa mjini. Jirani kalalamikia harufu, sasa wanataka nijibu kwa maandishi nina mimea mingapi na watoto wasiifikie nimefanyaje. Iko mitatu, ndani ya hema lenye kufuli, KCanG, sheria ya bangi ya hapa Ujerumani, naijua. Shida ni kwamba niliikata vilele ili itanuke, na viwili kati ya hivyo nikavichomeka kwenye vikombe. Vimetoa mizizi. Niandike mitatu au mitano?

Kutoka: Mama Salha (Köln)
Pole sana. Mbona rahisi, mitatu ni ya kila mtu mzima, si ya nyumba nzima. Mkeo naye ana mitatu yake. Andika mitano ulale.

Kutoka: Fundi (Leipzig)
> Mkeo naye ana mitatu yake

Mama Salha, soma kwanza. Shemeji kaja juzi tu kwa FZF, viza ya kuungana na familia, Baba Neema alitutangazia hapahapa. Sheria inataka mtu awe ameishi hapa miezi sita.

Vipandikizi sheria inaviweka kundi moja na mbegu, mradi havijatoa maua. Ila kikombe chenye mizizi kinageuka mmea lini, hapo kila mtu na lake.

Na Baba Neema, kukata kilele ni nusu ya kazi. Ncha ya juu ndiyo inayotengeneza auksini inayoyazuia matawi ya chini. Ukiiondoa, mawili yaliyo chini yake yanapanda kwa pamoja. Usikate kabla mmea haujafikisha jozi tano za majani, uache upone kama wiki, ndipo uyavute matawi pembeni kidogokidogo kwa waya laini uliovikwa plastiki, mpaka yote yalingane urefu. Taa inapiga kutoka juu, tawi refu likitangulia wenzake wanabaki kivulini wanatoa maua ya kitoto. Fanya yote hayo taa ikiwa bado inawaka saa 18 kwa siku. Ukishazishusha ziwe 12 ili itoe maua, mmea bado unarefuka wiki mbili tatu, kwa hiyo acha nafasi juu. Zile mbegu zinazotoa maua zenyewe bila kungoja taa usizikate, hazina muda wa kupona. Zikunje tu.

Kutoka: Mzee wa Bremen
Vijana, mnafundishana kujaza hema na kiwango cha nyumbani ni gramu 50 kavu! Mmea mmoja uliokunjwa vizuri unapita hapo, na ziada unatakiwa uiteketeze. Mavuno makubwa ya nini?

Kutoka: Mama Salha (Köln)
Mzee shikamoo. Mpaka 60 ni faini tu, si jinai.

Kutoka: Fundi (Leipzig)
Hizo ni gramu, mama! Kwenye mimea hakuna nyongeza. Wa nne ni kifungu cha 34, jinai moja kwa moja. Mtu ana ombi la uraia mezani, wewe unamwambia aandike mitano alale.

Kutoka: Mama Salha (Köln)
Hukumu ya faini isiyozidi Tagessätze 90, yaani faini ya siku 90 za kipato, haizuii uraia. Acha kutisha watu, na hiyo sauti kamtolee mkeo.

Kutoka: Mzee wa Bremen
Amani jamani. Mimi nacheka tu. Nimezaliwa Iringa, nimeona watu wakifungwa kwa msokoto mmoja, leo nazeekea nchi ambayo serikali inakuhesabia vyungu. Na nyie Wakenya, mwaka 2022 mgombea urais Wajackoyah aliwaambia bangi italipa deni la taifa, mkamfanya kichekesho.

Kutoka: Wa Kisumu (Dortmund)
Mzee, tulimcheka kwa sababu ya mpango wake wa kufuga nyoka na kuuza korodani za fisi. Kwa bangi hata mamangu alimsikiza. Lakini deni la taifa halilipwi na mmea wowote, wale walioko kwa ofisi wangekula mpaka vipandikizi.

Kutoka: Fundi (Leipzig)
Siasa tena. Msimamizi yuko wapi?

Kutoka: Wa Kisumu (Dortmund)
Msimamizi ni wewe, Fundi, tulikuchagua Pasaka. Na wale mnaosafiri Desemba, kagueni mifuko ya makoti, hata mbegu moja. Pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hakuna mtu amesoma KCanG.