ESP32: amplifaya na kioo vinagombania pini 22, nihamishe nini?

FundiWestNile: Habari wakuu. Natengeneza kengele ya shule hapa Arua. ESP32 ya kawaida (bodi ndogo ya kuprogramu yenye bluetooth), kioo cha OLED kwenye pini 21 na 22, kadi ya kumbukumbu kwenye 5, 18, 19 na 23. Sasa nimeongeza amplifaya ya MAX98357A ili mwalimu mkuu acheze matangazo kutoka simu yake kwa bluetooth. Maktaba ya sauti (programu iliyoandikwa tayari) imekuja na BCLK 26 na LRC 25 za mapigo, na DIN 22 inayobeba data ya sauti. Sauti ikianza tu, kioo kinaganda. Nimejaribu DIN kwenye 34, kimya kabisa. Nihamishe pini, nichukue amplifaya ya analogi ya PAM8403, au niagize bodi ya ESP32-S3 Kampala ije na basi?

VoltiJinja: 34 hadi 39 ni za kupokea tu, hazitoi kitu. Mimi ningechukua PAM8403. Waya mmoja kutoka 25, kazi imekwisha.

SaketiMbale: Ssebo, waya ni mmoja kweli, lakini DAC ya pini hiyo (kigeuza data kuwa sauti) ni ya biti 8. Kengele italia vizuri tu. Maneno ya mwalimu mkuu ndiyo yatatoka kama mtu anakaanga samaki nyuma yake. Niliiweka dukani kwangu nikaitoa wiki hiyohiyo.

NyaboSolda: Na S3 usiguse kwa kazi hii! Ina pini nyingi, sawa, ila bluetooth yake ni BLE peke yake, ile ya kutumia umeme kidogo. Muziki wa simu kwa A2DP, njia ya bluetooth ya kupeleka sauti, hauipati, na DAC pia haina. Utalipa nauli ya basi bure.

Hamisha DIN tu. Kwenye ESP32 sauti ya I2S (zile nyaya za BCLK, LRC na DIN) haijafungwa pini maalumu, unaipeleka popote panapoweza kutoa. Wenye bodi ya ESP8266 ndio wa kuhurumiwa: wamefungiwa 3, 15 na 2, na hiyo 3 ndiyo RX, ya kupokea data kutoka kompyuta. Wewe weka 27, au 32, au 33. Kaa mbali na 6 hadi 11, ni za flashi, kumbukumbu inayoshika programu. 12 nayo ikiwa na umeme wakati wa kuwasha, bodi inaweza kugoma kuwaka.

VoltiJinja: Na 16 na 17?

NyaboSolda: Kama moduli ni ya aina ya WROVER, zimeshachukuliwa na PSRAM, kumbukumbu ya ziada. Angalia maandishi kwenye kifuniko cha bati.

FundiWestNile: 27 imekubali, kioo kinacheza! Ila sauti inakatika kila kadi inaposomwa. Pini ya SD ya amplifaya nimeiunga kwenye 5, pamoja na ya kadi.

SaketiMbale: 😂 Kaka, SD hiyo si ya kadi. Ni swichi ya kuzima amplifaya. Kadi ikisomwa, umeme wa pini 5 unashuka, na amplifaya inalala. Ng'oa waya huo uiache wazi, kwenye vibao vingi inawaka yenyewe.

FundiWestNile: Nimeng'oa. Inaimba.