Tupeane uzoefu: mavazi ya kuigiza ya watoto wadogo, wanenu mliwavalisha nini?

MamaZulfa_Tabata: Habari za jioni wadau. Ujumbe umeingia sasa hivi kwenye grupu la wazazi: Ijumaa kila mtoto aje amevaa nguo za kazi anayotaka kuifanya akikua. Wangu ana miaka miwili na nusu, ndiyo kwanza anaacha pampasi. Nimemuuliza, anasema anataka kuwa kuku. Nimekumbuka mahafali ya dada yake, joho la satini saa saba mchana, ukumbi hauna feni, shingo yote ikatoka vipele. Wenye watoto wa umri huu, mlivalisha nini na mtoto akakubali kukaa nacho?

Mtu_wa_Kitunda: Kuku apelekwe kama kuku. Mtoto kashaamua.

BabaNasri: Umenigusa hapo kwenye joho. Nailoni na joto la Dar havipatani kabisa. Chukua shati jeupe la baba yake, la pamba, fundi apunguze mikono na kuweka mifuko miwili mbele. Daktari huyo, na anapumua.

Fundi Mwanaidi: Na kama bado anajifunza choo, usikubali ovaroli yenye zipu mgongoni. Mwalimu ana watoto darasa zima, mpaka amfungue huyo mmoja mambo yameshaharibika. Mshonee vipande viwili, suruali ya lastiki na juu tofauti.

Da_Neema: +1 kwa suruali ya lastiki.

Chief_Ukonga: Wangu anataka uanajeshi. Kitambaa cha mabaka kinapatikana wapi?

BabaNasri: Mkuu achana na hilo. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe mavazi yanayofanana na ya jeshi, wauzaji na wavaaji.

Chief_Ukonga: Mtoto wa miaka mitatu? Nani atamkamata?

BabaNasri: Hatakamatwa mtoto, utaitwa wewe uliyemnunulia na fundi aliyeshona.

Chief_Ukonga: Mnakuza mambo. Ni sherehe ya shule, si vita.

Fundi Mwanaidi: Mimi kitambaa hicho hata ukiniletea sikishoni. Mfanye zimamoto.

MamaAyaan: Naomba niandike, maana kila nikiona mada hizi moyo unanienda mbio. Tulialikwa sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani, kwenye bustani ya kuchezea. Ayaan alikuwa na miaka mitatu. Watoto wote walipewa vazi la shujaa, kile kitambaa chekundu cha mgongoni kinachofungwa kwa kamba shingoni. Vipya kabisa, vinang'aa, watoto wamefurahi. Mhudumu wa pale aliwafunga fundo mbili mbili ili kamba zisifunguke. Wakaanza kupanda mtelezo mmoja mmoja. Mimi nimekaa na wenzangu lakini macho yako kwake. Akapanda, akakaa, akajiachia. Kitambaa kikanasa kwenye nati ya ukingo wa chuma kule juu, yeye hajafika hata robo ya njia akasimama ghafla, shingo imevutwa nyuma, miguu inapigapiga bati. Hakulia. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi mpaka leo, hakutoa sauti hata kidogo, na waliokuwa karibu wakadhani anacheza. Nilikimbia viatu nikaviacha. Aliyeniwahi ni binti wa darasa la tano au la sita hivi, alikuwa nyuma yake kwenye ngazi. Alimshika makwapani akamvuta juu, kamba ikalegea. Nilipofika fundo halifunguki, nikalikata kwa meno. Hospitali walimpima wakasema yuko salama, ila ile alama nyekundu shingoni ilichukua siku kadhaa kupotea. Sasa kwangu nguo yenye kamba shingoni haiingii. Hata sweta lenye kofia naichomoa kamba kwanza.

Da_Neema: Pole sana mama. Nimesoma nimesimama.

MamaZulfa_Tabata: Mungu amlinde huyo binti popote alipo.

Mkaazi_Leicester: Ndiyo maana Ulaya kuna kiwango cha EN 14682: nguo za mtoto wa chini ya miaka 7 zisiwe na kamba za kufunga kichwani wala shingoni. Ila mavazi ya kuigiza mengine yanapenya, hasa ya kununua mtandaoni. Ninyi mnaopekua marobota ya mitumba baada ya Wazungu kumaliza Halloween yao, angalieni shingo kwanza kabla ya bei.

Mzee_Baba_Mbagala: Kamba haina kosa, fundo ndilo kosa. Weka pini.

MamaAyaan: Pini shingoni mwa mtoto? Ikifunguka?

Mzee_Baba_Mbagala: Sisi tulikua na pini za nepi na tuko hai.

Fundi Mwanaidi: Baba, kwa heshima, hapana. Weka ule utepe wa kunata wa viatu vya watoto, kipande kidogo kila bega. Kitambaa kikinasa kinabanduka chenyewe. Na kisivuke kiuno.

Mwananchi_Damu: Mke wangu alileta la simba, lenye manyoya na mkia. Nyumba hii ni ya njano na kijani, nikakataa.

Mnyama_Msimbazi: Mtoto ana akili kuliko baba.

Da_Neema: Jamani mpira una jukwaa lake. Na manyoya yale kwa joto hili ni mateso, simba au siyo simba.

Bint_Muscat: Huku nusu ya Ramadhani watoto wanatoka usiku kwenye Qaranqasho, wanapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kupewa peremende. Wangu namvalisha kanzu na kofia yake ya kila Ijumaa, najua ameizoea. Jambia la plastiki lilibaki mkononi mwangu kuanzia nyumba ya kwanza. Kitu cha kubeba kwa mtoto mdogo ni mzigo wa mama.

Mkaazi_Leicester: Kweli. Machi shuleni wanavaa wahusika wa vitabu, wangu alikwenda kama Sungura wa hadithi za bibi yake. Tisheti ya kijivu na masikio ya kitambaa kwenye utepe wa nywele. Kinyago alikiogopa tangu nyumbani, kikabaki nyumbani. Mjaribishie siku chache kabla, acheze nalo, msishtuane asubuhi ya tukio.

Chief_Ukonga: Na rangi za usoni? Wanja tu si unatosha, mstari wa sharubu?

Bint_Muscat: Wanja wa jiwe mwingi una madini ya risasi ndani yake, Marekani hauruhusiwi kuuzwa kama kipodozi. Mtoto huyo atajifuta usoni kisha vidole mdomoni.

Chief_Ukonga: Bibi zetu walitupaka.

Da_Neema: Basi mpake manjano ya jikoni.

Fundi Mwanaidi: Manjano hayatoki kwenye kola nyeupe, nawaambia mapema.