Mashine ya kwanza ya besimenti: pinboli ya miaka ya 90, pinboli mpya, au kabati la gemu?

BabaNeema
Wakuu, habari za jioni. Niko nje kidogo ya Chicago. Tumemaliza kukarabati besimenti, na mama Neema ameniachia ukuta mmoja mzima, futi 14, niufanye sehemu ya gemu. Nina dola 6,000 nilizozidunduliza miaka miwili, sitaki nizitoe kwa pupa.

Mpaka sasa napima haya: pinboli (ile meza ya kupiga gololi ya chuma isizame) used ya Williams au Bally ya miaka ya 90, pinboli mpya ya Stern (ile ya daraja la chini iko kwenye dola 7,000 hivi, kwa hiyo ningesubiri), kabati kongwe la gemu kama Galaga au Ms. Pac-Man likiwa na TV yake ya chogo. Au yale makabati madogo ya Arcade1Up, nachukua matatu na chenji inabaki.

Neema ana miaka 14, mdogo wake 9. Mimi pinboli niliionja mwaka niliofika huku, kwenye duka la kufulia nguo kwa sarafu, nikisubiri mashine ya kukaushia. Nguo zilikauka zikapoa, mimi bado nimeshika vitufe. Wenye uzoefu naomba mnielekeze.

Chuma27
Karibu Baba Neema. Umekaa mahali penyewe: Williams, Bally na Gottlieb zote zilikuwa za Chicago, na Stern mpaka leo wanaunda hapo Elk Grove Village. Mashine, vipuri na mafundi viko jirani yako, hulipi usafiri wa kuvuka majimbo.

Kabla ya bei, jibu hili: uko tayari kuinua uwanja (ule ubao gololi inapokimbilia) na kuingiza mikono ndani? Gololi ya pinboli ni chuma cha gramu 80, na kazi yake ni kugonga. Raba zinakatika, nyaya zinaachia pale zilipochomelewa, taa zinaungua, flipa (vile vibawa vya kupigia gololi) zinalegea. Ukinunua mpya utaifungua, ukinunua used utaifungua. Mpya inakupa tu kipindi cha raha kwanza.

Kwa dola 6,000 mimi ningetafuta ya miaka ya 90, ila usifuate majina makubwa. The Addams Family ya 1992 ziliundwa 20,270, na bado bei yake haishikiki kwa sababu kila mtu anaitaka. Medieval Madness ya 1997 zilitoka 4,016 tu, hiyo iache kabisa. Angalia Getaway: High Speed II, ya 1992 pia. Haina kile kijiti cha kuvuta. Unavuta gia kama ya gari, gololi inafyatuka. Na kuna pete yenye sumaku: gololi ikiingia humo inasukumwa kasi mpaka macho hayaifuati.

Sasa betri, na hapa naomba unisikilize vizuri. Williams na Bally za kizazi hicho zina betri tatu za AA zilizokaa juu ya bodi kuu, za kutunza rekodi za alama na mipangilio. Mashine yangu ya kwanza muuzaji aliiwasha mbele yangu, nikacheza michezo mitatu, nikalipa. Sikufungua kichwa, yaani lile sanduku la nyuma linaloonyesha alama, ambamo bodi hukaa. Miezi minne baadaye ikagoma kuwaka. Kufungua, nakuta unga wa kijani umetambaa kutoka kwenye kishikio cha betri, umekula njia za shaba kama mchwa kwenye boriti. Bodi nzima ilikufa. Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji, mwambie afungue kichwa, mulika kwa tochi chini ya betri na kwenye bodi iliyo chini yake. Akikataa, rudi nyumbani.

DadaMinneapolis
Nakubaliana na Chuma27 kuhusu betri, ila Baba Neema, usimsahau huyo wa miaka 9. Mtoto mdogo kwenye pinboli gololi tatu zinazama ndani ya dakika moja, anakata tamaa. Galaga ya 1981 anaielewa papo hapo. Chombo chako cha angani kikitekwa na adui, ukikikomboa unapigana na viwili sambamba. Wanangu siku walipogundua hilo walipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

TV ya chogo ina rangi ambazo skrini bapa haizitoi, lakini ikague ikiwa IMEZIMWA. Kwenye Ms. Pac-Man nyingi utaona ule mchoro wa njia za mchezo umejichora kwenye kioo, umeungua humo kwa miaka ya kuwashwa kutwa. Na usithubutu kushika nyuma ya hiyo TV. Kuna kama volti 20,000 pale, na umeme unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa plagi. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kabla hujanunua, wapeleke watoto Galloping Ghost, ule ukumbi wa gemu pale Brookfield. Unalipa kiingilio mara moja, mnacheza kutwa. Usiwaambie kitu, tazama tu wanarudi kwenye mashine gani.

GhorofaYaTatu
Naitetea Arcade1Up kidogo. Mimi nimepanga, hakuna lifti. Kabati langu nililipandisha mimi na mdogo wangu, tukalifunga kwa bisibisi jioni ileile. Ni dogo, mtu mzima anahitaji kigoda, na vitufe nimeshabadilisha. Ila kwa mwenye besimenti yake na dola 6,000, hapana kaka, nunua kitu kizito.

Mwanapwani_Msa
Mimi niko Mombasa, pinboli yangu ilikuja ndani ya kontena pamoja na vyombo vya nyumba. Wenye ndoto ya kurudi nazo nyumbani: huku umeme ni volti 240, huko 120. Yangu ya Williams fundi alibadilisha viunganishi vya transfoma, ikakubali. Adui wangu mkubwa ni chumvi ya hewani. Gololi zinashika kutu, na gololi yenye kutu inakwaruza uwanja kama msasa. Nazibadilisha mara kwa mara, na chumba hakikosi AC.

BabaNeema
Ahsanteni sana. Mlango wa besimenti ni inchi 30, na ngazi zina kona. Itapita?

Chuma27
Pinboli itapita. Kichwa kinakunjwa kulalia mwili, miguu inafunguliwa, unaisimamisha wima kwenye toroli. Ni kilo 110 na zaidi, tafuta watu watatu na mkanda wa kufungia. Toa gololi kwanza! Kabati la gemu halikunjiki, hilo pima kila pembe.

BabaNeema
Mrejesho, wakuu. Brookfield tulikwenda. Mdogo aliganda kwenye Galaga kama dada alivyosema. Neema alizunguka tu, hakuvutiwa na kitu. Wiki iliyofuata nikaenda naye kuiona Getaway moja, muuzaji anataka 5,600. Akavuta gia, gololi ikaingia kwenye ile pete, akaniangalia. Sikuhitaji kumuuliza.

Nikaomba kichwa kifunguliwe. Betri zilikuwa zimeandikwa mwisho wa matumizi 2011, moja imeanza kutoa ukoko mweupe, lakini bodi ilikuwa safi. Muuzaji mwenyewe alishtuka. Tukamalizana kwa 5,200, na nimeshaagiza chipu ya kumbukumbu isiyohitaji betri.

Flipa ya kushoto ilikuwa haina nguvu ya kupandisha gololi. Jumamosi tumeinua uwanja, Neema ameshika tochi mimi bisibisi, halafu tukabadilishana. Ndani ya koili inayoisukuma kulikuwa na bomba la plastiki lililochakaa na masizi meusi. Ameliweka jipya kwa mkono wake, na sasa gololi inapanda. Galaga nitaanza kuidunduliza mwezi ujao; kabati nimelipima, ni inchi 26.