Kura yetu ya 1971 kuhusu Taiwan: bado tuitetee leo?

Msomi Huru
Wakuu, naomba tulijadili hili bila ushabiki. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2758 kwa kura 76 dhidi ya 35, nchi 17 zikajizuia. Kiti cha China kikaenda Beijing, wajumbe wa Chiang Kai-shek, mtawala wa Taiwan, wakatolewa. Tanzania haikuwa mtazamaji, tulikuwa miongoni mwa nchi 23 zilizoleta azimio lenyewe. Kwa wakati ule naona tulikuwa sahihi kabisa. Haikuwa haki taifa kubwa kuliko yote kwa idadi ya watu likae nje huku kiti chake kikikaliwa na jenerali aliyeshindwa vita na kukimbilia kisiwani mwaka 1949.

Lakini Taiwan ya leo si ya Chiang. Sheria ya kijeshi iliondolewa 1987. Mwaka 1996 walimchagua rais kwa kura ya moja kwa moja, huku Beijing ikirusha makombora ya majaribio baharini karibu yao ili kuwatisha. Tangu 2000 vyama vinapokezana madaraka kwa amani. Wako milioni 23, wana pasipoti yao, sarafu yao, jeshi lao, mahakama zao. Nchi zinazowatambua rasmi zimebaki 12, na kwa Afrika ni Eswatini peke yake. Je, ile kura tuliyopiga kumtoa dikteta, ni halali leo kuitumia kuwanyima sauti wajukuu wa watu aliowatawala kwa mtutu?

Kamanda wa Reli
Kwanza tuheshimiane. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa na nani? Wazungu walisema haitalipa, wakatugeuzia mgongo. Wachina wakaja, wakatoa mkopo usio na riba, wakala vumbi pamoja na sisi, na wengine wamezikwa hapo Gongo la Mboto. Baba yangu alifanya kazi nao Mlimba. Rafiki wa namna hiyo humwachi kwa sababu ya kisiwa. Na hivi visiwa vikidekezwa kidogo tu vinaanza kujiona nchi. Tunavijua, tunaishi navyo.

Mtu wa Wete
"Tunavijua, tunaishi navyo." Sema wazi bwana, usizunguke mbuyu. Kama unakusudia sie, basi jua Zanzibar iliingia Umoja wa Mataifa tarehe 16 Disemba 1963, na kwenye Muungano tulikuja tukiwa na kiti chetu. Hatukujiona nchi, tulikuwa nchi.

Kamanda wa Reli
Kiti cha miezi minne nacho ni cha kujivunia?

Mtu wa Wete
Kingekuwa cha siku moja kingekuwa kiti vilevile. Na nani kakwambia nchi inapimwa kwa muda wa kiti? China yako yenyewe ilikaa nje ya Umoja wa Mataifa zaidi ya miaka ishirini. Ilikuwa si nchi?

Mama Jeni
Kaka zangu, mada ni Taiwan. Nimelisoma lile azimio, ni fupi, aya chache tu. Linarejesha haki zote za Jamhuri ya Watu wa China na linawaondoa "wawakilishi wa Chiang Kai-shek". Neno Taiwan halimo, wala hakuna mstari unaosema kisiwa kile ni cha nani. Lililoamuliwa ni nani anaizungumzia China. Wenyeji wa Taiwan hawakuulizwa wakati ule, na wasingeweza kuulizwa: walikuwa chini ya sheria ya kijeshi tangu 1949, na mwaka 1947 walipoandamana waliuawa kwa maelfu na jeshi la huyohuyo Chiang. Naomba Kamanda anijibu hapo tu.

Kamanda wa Reli
Dada, azimio nililijua kabla hujazaliwa. Na aliyekuwa mstari wa mbele siku ile New York ni balozi wetu Salim Ahmed Salim, Mzanzibari. Ukumbi mzima ulimwona akicheza kwa furaha. Kwa hiyo huyu wa Wete akagombane na mwenzake kwanza.

Mtu wa Wete
Salim usimguse. Alikuwa hajatimiza hata miaka thelathini, anasimama mbele ya Marekani bila kutetereka. Na kalipa gharama yake peke yake. Mwaka 1981 alipogombea Ukatibu Mkuu, Marekani ilimpigia veto duru baada ya duru, na 1971 haikusahauliwa. Leo unamtumia kama fimbo ya kunipigia mie?

Nyota ya Rufiji
Habari ya kucheza imekuzwa na magazeti ya Marekani. Watu walishangilia ukumbini, Waafrika wengi tu, wakamchagua mmoja wa kumsema. Balozi wa Marekani pale alikuwa George Bush mkubwa, na 1981 alikuwa makamu wa rais. Unganisheni wenyewe.

Kamanda wa Reli
Acheze asicheze, ushindi ulikuwa wake na ni wetu. Kwani kucheza ni aibu?

Jirani wa Mombasa
Nyinyi mnabishana ngoma, hapa kwetu Kenya jambo hili lilishafika kortini. Mwaka 2016 serikali iliwapandisha ndege Wataiwan 45 na kuwapeleka China bara. Baadhi yao mahakama yetu ilikuwa imewaachia huru katika kesi ile ya ulaghai wa simu. Taiwan ikapiga kelele, nani angeisikiliza? Haina ubalozi Nairobi. Kutotambuliwa ndiko huko. Si bendera wala wimbo, ni kwamba ukikamatwa ugenini hakuna mtu wa kuja kukuuliza umelala wapi.

Kamanda wa Reli
Matapeli wale! Unawalilia matapeli?

Jirani wa Mombasa
Mzee, nimesema mahakama iliwaachia. Ukiambiwa na hakimu nenda nyumbani, nyumbani ni kwako, si kwa jirani yako mwenye nguvu.

Mndali wa Ileje
Mimi niko mpakani na Malawi, haya mambo nimeyaona kwa macho. Hospitali kuu ya Mzuzu ilijengwa na Taiwan, na madaktari wao walikuwepo pale. Watu wa huku kwetu tulikuwa tunavuka kwenda kutibiwa. Januari 2008 Malawi ikatangaza kuhamia Beijing baada ya miaka zaidi ya arobaini na Taipei. Wachina wakamalizia jengo la bunge Lilongwe, baadaye wakajenga uwanja mkubwa wa mpira. Senegali ilishahama 2005, Chadi 2006, Burkina Faso ikafuata 2018. Gambia waliwahi kurudi Taiwan 1995, halafu 2013 wakaiacha tena. Hakuna hata mmoja aliyehama kwa sababu alisoma azimio upya. Msomi Huru unauliza uhalali, lakini soko hili Taiwan yenyewe ilinunua humo kwa miaka mingi. Na rafiki yao wa mwisho Afrika ni Mswati, mfalme ambaye nchini kwake vyama havigombei uchaguzi. Demokrasia inayobebwa na mfalme wa namna hiyo, mnaieleza vipi?

Msomi Huru
Ni swali zito na linaniuma kulijibu. Demokrasia zilizo imara, Uingereza, Ufaransa, India, zote zina ubalozi Beijing na Taipei zina ofisi za biashara tu. Marekani inawauzia silaha lakini ilifunga ubalozi wake huko 1979. Mnyonge hachagui marafiki, huchukua aliyebaki. Na huyo aliyebaki anaadhibiwa: mwaka 2025 China ilipotangaza kufuta ushuru kwa bidhaa za nchi za Afrika zenye uhusiano nayo, zilihesabiwa 53. Eswatini ikaachwa nje.

Mama Jeni
Na tusijifanye sisi tumekuwa tukifuata mipaka siku zote. Aprili 1968 Mwalimu aliitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, wa kwanza Afrika, akasema watu waliokosa usalama ndani ya nchi hawawezi kulazimishwa kubaki humo. Sahara Magharibi tunaitambua mpaka leo, Moroko ipende isipende. Kwa hiyo Tanzania ina historia ya kuangalia watu kabla ya ramani. Kwa nini kwa Taiwan tu tunasema haya ni mambo ya ndani?

Kamanda wa Reli
Usimtaje Mwalimu ovyo. Mwalimu alikuwa rafiki wa Mao. Na Taiwan imekuwa ya China tangu enzi na enzi, huo ni ukweli wa historia.

Nyota ya Rufiji
Enzi na enzi ipi mkuu? Kuanzia 1895 mpaka 1945 kisiwa kilikuwa koloni la Japani, miaka hamsini kamili. Kabla ya hapo kilikuwa chini ya Qing, ukoo wa wafalme wa China. Chama cha Kikomunisti cha China hakijakitawala hata siku moja.

Kamanda wa Reli
Na Wadachi walikitawala, basi tuwarudishie?

Msomi Huru
Hata michezoni hawawezi kujitaja. Kwenye Olimpiki wanaingia kama "Chinese Taipei", na bendera ya taifa lao haipandi. Walipochukua dhahabu ya vinyoya (badminton) wawili wawili Tokyo, kwa kuwafunga Wachina fainali, ulipigwa wimbo wa bendera badala ya wimbo wa taifa.

Mtu wa Wete
Hapo sasa umetonesha kidonda. Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupa Zanzibar uanachama, watu wakaandamana kwa furaha. Julai wakatunyang'anya, eti haiwezekani nchi moja kuwa na vyama viwili. Disemba ileile kwenye Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati tukawafunga Bara 2-1 na tukafika fainali. Nauliza Kamanda, ile timu ilikuwa ya nani?

Jirani wa Mombasa
Fainali mlikutana na sisi Machakos, 2-2, penalti zikaamua. Kombe lilibaki Kenya, na mlicheza vizuri sana, hilo nakupa.

Kamanda wa Reli
Ilikuwa timu ya Tanzania! Wachezaji wenu si ndio hao wanaitwa Taifa Stars? Mnakula huku na huku. Taiwan haina upendeleo huo.

Mtu wa Wete
Upendeleo? Mwaka 1992 tulijiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, wenyewe, 1993 tukalazimishwa kutoka. Timu yetu ikicheza inapendeza, ikiomba kiti inakuwa uasi.

Mndali wa Ileje
Ndugu wa Wete, nakuelewa, lakini mfano wako haukai sawa. Zanzibar na Tanganyika zilitia saini hati. Mnaweza kugombana kuhusu hati hiyo, ila ipo. Kati ya Taipei na Beijing hakuna hati ya kuungana hata moja. Kilichopo ni sheria ya China ya mwaka 2005 inayoruhusu nguvu za kijeshi kama Taiwan itajitenga. Ukizichanganya hizi mbili, unamsaidia Kamanda.

Mtu wa Wete
Simsaidii mtu. Yeye ndiye aliyezichanganya, mie nimejibu.

Kamanda wa Reli
Basi niambieni wenyewe wanataka nini. Mbona hawatangazi uhuru? Chama kinachoongea habari za kujitegemea kinashinda urais, lakini hakitangazi. Wanajua ni Wachina.

Mama Jeni
Hawatangazi kwa sababu kuna makombora yameelekezwa kwao, Kamanda, na ng'ambo ya bahari si mbali, kilomita 130 tu pale pembamba. Wakiulizwa, wengi wao hujibu hali ibaki ilivyo. Januari 2024 Lai Ching-te, mgombea urais wa chama hicho, alishinda kwa asilimia 40 tu, na bunge wakawapa wapinzani. Wanabishana wao kwa wao kila siku, hadharani, na hakuna anayefungwa kwa kutaka kuungana na China wala kwa kukataa. Ninachotaka Tanzania iseme ni kwamba jawabu lolote, litoke kwao bila vita. Hilo halitugharimu reli.

Kamanda wa Reli
Litatugharimu. Wewe hujui Wachina wanavyokumbuka. Na swali langu la OIC halijajibiwa: nani aliwalazimisha kutoka?

Mtu wa Wete
Hukuuliza swali hilo, lakini nakujibu. Fungua kumbukumbu za Bunge la 1993, utawakuta wabunge 55 wa Bara wanadai serikali ya Tanganyika baada ya sie kujiunga. Soma kisha urudi hapa.