Naombeni ushauri: moyo unanienda mbio kila siku, vipimo vinasema sina ugonjwa

Kipepeo (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nimeona nilitoe kwa watu wasionijua.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeajiriwa ofisini. Karibu kila asubuhi naamka kabla ya alamu, moyo unadunda kama niliyekurupushwa na moto. Hakuna kilichotokea. Nikiwa pale pale kitandani mawazo yanaanza: bosi jana alinijibu "sawa" tu, kuna nini? Mtoto amekohoa usiku, isije ikawa kitu kikubwa. Mume asipopokea simu, tayari nimeshamwona wodini. Ikiingia namba nisiyoijua tumbo linanikata, siipokei. Siku hizi hata vikao naomba udhuru.

Juzi kati nilikuwa kwenye foleni, pumzi zikaniishia, vidole vikafa ganzi, nikajua ndiyo nakufa. Hospitali walipima moyo na presha, wakasema niko sawa, "ni mawazo tu, yapunguze." Nayapunguzaje? Hapo ndipo nilipokwama. Nyumbani wanajua nimechoka tu. Rafiki amenipa vidonge vyake vya kutuliza, bado sijavimeza. Naomba msaada, hasa kwa aliyepitia.

Jembe la Mkono

Pole dada. Acha kuwaza sana, maisha yenyewe mafupi. Jishughulishe na kazi, utasahau.

Msafiri wa Mbali

Pole sana dada, na umefanya vizuri kulisema. Ndugu yangu hapo juu, najua una nia njema, lakini angekuwa na uwezo wa kuacha kuwaza angeacha zamani. Mwenye hali hii ukimwambia asiwaze, anaanza kujilaumu kwamba hata hilo limemshinda.

Mimi nimeishi nayo miaka. Yangu ilikuwa vikao na safari. Mshauri nasaha aliniuliza: ukishakwepa kikao unajisikiaje? Nikamjibu, napata ahueni ya ajabu. Akaniambia ahueni hiyo ndiyo inayoilea hofu. Ubongo haupewi nafasi ya kuona kwamba kikao hakiui mtu. Unachojifunza ni kwamba umepona kwa sababu umekimbia. Kesho yake hofu inarudi imeongezeka, na mahali unapoweza kwenda kwa amani panazidi kupungua. Umetaja simu, umetaja vikao. Nahofia baada ya hapo itafuata foleni, kisha kutoka nyumbani. Hilo linanitia mashaka kuliko hayo mapigo ya moyo.

Ushauri wangu: rudi kidogo kidogo. Yaandike yote unayoyakwepa, kuanzia linalokutisha kidogo hadi lile usilotaka hata kuliwaza. Anza na la chini kabisa. Labda ni kumpigia mtu unayemfahamu bila kupanga maneno kwanza. Kisha pokea namba moja usiyoijua. Kwenye kikao, ingia ukae kimya, baadaye uulize swali moja. Rudia kila hatua mpaka iwe ya kawaida, ndipo upande nyingine. Na usisubiri hofu iishe ndipo uende, maana haitaisha ukiwa umekaa. Nenda nayo hivyo hivyo, mikono ikitetemeka.

Mimi sikuyafanya hayo peke yangu. Yanaitwa tiba ya utambuzi na tabia, na mwanasaikolojia aliyeisomea anakusaidia kupanga ngazi zenyewe. Ukimpata, usisite.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, naomba niseme upande wa mwili, kwa sababu "ni mawazo tu" si jibu la kumpa mgonjwa.

Kilichokupata kwenye foleni kina sura ya shambulio la hofu. Adrenalini, homoni ya mwili ya wakati wa hatari, inamwagika, moyo unaongeza kasi, misuli inakaza. Ukianza kuhema haraka haraka unatoa kaboni dioksidi kupita kiasi, na hiyo ndiyo inayoleta kizunguzungu na ganzi ya vidole. Unahisi hewa haitoshi kumbe unahema mno. Mara nyingi hali hiyo hufika juu kabisa ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe. Ikirudi usivute pumzi kubwa kubwa. Vuta taratibu kwa pua, halafu toa polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Jizoeze ukiwa umetulia, ili siku ya shida mwili uwe unajua la kufanya.

Uliza pia kama walipima tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, na wingi wa damu. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, au damu ikipungua, moyo unaweza kwenda mbio hivyo hivyo. Kahawa, chai nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu vipunguze: kwa watu wengi nusu ya kafeini bado iko mwilini saa 5 hivi baada ya kunywa. Na siku ukipata maumivu ya kifua usiyoyazoea au ukazimia, usijiambie ni wasiwasi, nenda hospitali.

Vidonge vya rafiki mrudishie, tafadhali sana. Kama ni vya jamii ya diazepamu, hutuliza haraka lakini mwili huvizoea, na aliyevitumia muda mrefu akiviacha ghafla anaweza kupata hata degedege. Zipo dawa nyingine ambazo daktari huandika kwa hali hii, mwili hauzing'ang'anii kwa namna hiyo, ila huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Zinataka mtu wa kukufuatilia.

Wala usione aibu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na matatizo ya wasiwasi. Na ikitokea ukaanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, mwambie mtu siku hiyo hiyo, usilale nalo.

Kipepeo

Nimesoma huku machozi yananitoka. Asanteni mno. Nina swali kwa Msafiri. Hofu ya mume na watoto mimi siikwepi, naifuatilia. Napiga simu, namgusa mtoto paji la uso usiku kucha. Hilo nalo ni kukimbia?

Msafiri wa Mbali

Ndiyo, ni kukimbia. Unakimbia ile hali ya kutojua. Mume akipokea unatulia kidogo, kisha shaka inadai simu nyingine. Kubalianeni: akifika anakujulisha, basi. Katikati, ukishikwa na hamu ya kupiga, ahirisha robo saa. Ikipita, ahirisha tena. Naye ukimuuliza "una uhakika uko salama?" asikujibu kila mara kwamba yuko salama, aseme, "naona wasiwasi umekushika, niko na wewe." Mwanzoni itauma. Mke wangu alidhani ni ukatili mpaka alipoona nafuu.

Tulivu

Kwa mawazo ya alfajiri, mimi nilisaidiwa na kuyapangia muda. Mbinu hii mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake waliiandika mwaka 1983: unatenga nusu saa, muda ule ule na mahali pale pale kila siku, mbali na kitanda. Wazo likija alfajiri unaliandika kwa maneno machache na kuliambia zamu yako ni jioni. Jioni unakaa nalo kweli kweli. Lenye hatua ya kuchukua, panga hatua. Lisilo na hatua, liache kwenye karatasi. Mengi jioni nilikuwa nayakuta hayana nguvu tena. Kwa shambulio la ghafla haitoshi, hapo fuata alivyosema muuguzi hapo juu.

Kipepeo

Vidonge nimeshavifunga kwenye bahasha, narudisha. Mume nitamweleza leo, watoto wakilala. Ninachoogopa ni kumrudia daktari yule yule anijibu vile vile.

Zamu ya Usiku

Una haki ya kuomba daktari mwingine, au rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Andika kabla hujaenda: dalili, zilianza lini, zinakuja siku ngapi kwa wiki, na mambo uliyoacha kufanya kwa sababu yake. Hilo la mwisho wengi hawalitaji, na ndilo linaloonyesha ukubwa wa tatizo. Ukiweza, nenda na mumeo, karatasi aishike yeye.