Printa ya 3D sebuleni: njia ipi itapunguza kelele bila kuzidisha joto la mota?

Fundi_wa_Mbezi

Ndugu wanajukwaa, nina printa ya 3D yenye fremu ya alumini, mota za ukubwa wa NEMA 17 na bodi ya zamani ya draiva (vipande vya kielektroniki vinavyoziendesha mota) za A4988 za kuchomeka. Iko sebuleni, hapa Dar es Salaam, na ukuta wake ndio ukuta wa chumba cha watoto, kwa hiyo kazi ya usiku imekuwa ugomvi. Nimefikiria njia nne: kuweka draiva mpya za TMC2209, kufunga raba kati ya mota na fremu, kuifungia printa ndani ya kabati la mbao, au kubadilisha feni ndogo. Fedha zinatosha njia moja, labda mbili. Hofu yangu ni joto, kwa kuwa mota inayosukuma uzi wa plastiki hata sasa, ikiwa wazi kabisa, haishikiki kwa zaidi ya sekunde chache. Mngeanza na ipi?

Joto_Kali

Kabati lifute kwenye orodha. Mota yenyewe huvumilia nyuzi joto 80 kwenye ganda lake bila kudhurika, lakini PLA, plastiki ya kawaida ya kuchapia, huanza kulegea ikikaribia 60, na hapo ndipo tatizo lako litaanzia. Joto la mota huhesabiwa juu ya joto la hewa inayoizunguka: ikiwa sebule ina nyuzi 32 na mota hupanda 30 zaidi, umeshafika 62, na hewa ya kabatini ikipanda hadi 45, mota itakuwa na 75. Joto hilo hupita kwenye shafti hadi kwenye gia, uzi hulainika, na meno ya gia badala ya kuusukuma huuchimba kibonde mahali pamoja mpaka unakwama. Utadhani pua inayotoa plastiki imeziba, uisafishe bure.

Solda_Nairobi

Mimi ningeanza na draiva. Mlio unaousikia mota inapokwenda unatokana zaidi na mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kwa ngazi zinazohisika, ilhali TMC2209 katika hali yake ya kimya, StealthChop, huulainisha mkondo huo kiasi kwamba kwa mwendo wa kawaida husikii mota kabisa, unasikia feni tu. Faida ya pili haisemwi sana: mota ya stepa, yaani inayozunguka kwa hatua kama hizi zako, hula mkondo hata ikiwa imesimama, na draiva hii inaweza kuupunguza mota inapotulia. Udhaifu wake ni kwamba kwa mwendo wa kasi StealthChop hupoteza nguvu, mota ikaruka hatua na tabaka zikahama. Ukipenda kasi, utalazimika kutumia hali yake nyingine, SpreadCycle, ambayo ina sauti zaidi kuliko StealthChop. Jambo jingine, mota zitazunguka kinyume na zilivyozoea, hivyo geuza mwelekeo katika programu ya bodi kabla hujashtuka.

Bibi_Bisibisi

Raba ni rahisi na zinafanya kazi, lakini naona wengi wanazisifia bila kutaja gharama yake. Mota iliyofungwa moja kwa moja kwenye alumini huitumia fremu kama kipoza joto. Ukiingiza raba katikati, umeikata njia hiyo, na mota itapata joto zaidi kwa kazi ileile. Pia huisogeza mota nyuma milimita kadhaa, kwa hiyo puli ya mkanda lazima isogezwe kwenye shafti, na shafti ikiwa fupi huna pa kuisogezea. Zifunge kwenye mota za X na Y tu (za kwenda kushoto-kulia na mbele-nyuma), ubandike mapezi ya alumini ya kupoza mgongoni mwa mota hizo. Ile ya kusukuma uzi usiiguse.

Fundi_wa_Mbezi

Nashukuru. Je, wakati nasubiri draiva, hakuna la kufanya kuhusu hiyo mota inayochoma?

Joto_Kali

Lipo, tena halina gharama: punguza mkondo. Joto la mota hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo ukishuka kutoka ampea 1 hadi 0.7, joto linalozalishwa hubaki takriban nusu, na nguvu ya kuzungusha hubaki kama asilimia 70, ambayo mara nyingi inatosha. Kwa A4988 yenye rezista za omu 0.1, volti unayopima kwenye kile kiskrubu kidogo cha draiva ni mkondo mara 0.8, hivyo ampea 0.7 ni volti 0.56. Soma kwanza thamani ya rezista zako, kwa sababu nyingine ni 0.05 na hesabu hubadilika. Geuza kidogo kidogo, kwani bisibisi ikiteleza inaunguza draiva.

Solda_Nairobi

Naafiki, na hata TMC2209 zikifika zipangie mkondo huohuo mdogo.

Kuhusu feni, ningeziacha za mwisho. Ile ya bodi unaweza kuibadilisha kwa feni ya milimita 80 inayozunguka polepole, kwa kuwa feni ikipunguzwa kasi kwa nusu kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15, na ukubwa hufidia hewa iliyopungua. Ile inayopoza kichwa cha kuyeyushia usiipunguze kasi hata kama ndiyo inayopiga kelele kuliko zote, maana joto likipanda juu kupita kichwa, uzi utalainika kabla ya wakati na utarudi kwenye tatizo lilelile alilolieleza Joto_Kali.

Bibi_Bisibisi

Na unapochomoa waya wa mota, zima printa kwanza. Kuuchomoa umeme ukiwa unapita kunaweza kuua draiva papo hapo, mpya na ya zamani vilevile.